Doa jeusi kwenye kioo: safari ya plastiki inayopitisha umeme

Simu iliniponyoka nikishuka daladala pale Tengeru, ikaangukia pembe. Kioo cha juu hakikuwa na ufa wa maana. Chini kushoto tu palikuwa na kidoa cheusi, kidogo kama punje ya mtama, nikasema si neno, nitavumilia. Kesho yake asubuhi punje ilikuwa imekuwa harage. Siku ya nne doa lilikuwa limemeza robo ya kioo, na kingo zake zilikuwa za zambarau, kama wino uliomwagika kwenye kitambaa na bado unatafuta pa kwenda.

Fundi wangu wa simu ni kijana mwenye kibanda karibu na Soko la Kilombero mjini Arusha. Aliitazama mara moja tu. "Shikamoo mwalimu. Hiki ni OLED. Usingoje mwisho wa mwezi, hilo doa halisimami." Nikamuuliza linatambaaje wakati simu haijaanguka tena. "Hewa imeingia," akajibu, huku akitafuta bisibisi.

OLED ni aina ya kioo cha simu ambacho tabaka zake nyembamba za molekuli za kaboni huwaka zenyewe zikipitishiwa umeme. Jibu lake ni sahihi kabisa. Maneno yale mawili yamebeba karibu miaka hamsini ya kazi ya vyuo vikuu na viwanda, na kwa kuwa nafundisha fizikia na wanafunzi wangu huniuliza kila mara kuhusu simu zinazokunjwa, nitajaribu kuyafungua kama yeye alivyofungua ile simu.

Tuanze na jina. Fani hii huitwa elektroniki ya oganiki, na huku kwetu ukisema oganiki watu wanafikiria kahawa isiyopigwa dawa. Kwa wanakemia neno hilo lina maana nyingine: ni vitu ambavyo uti wa mgongo wake ni kaboni. Mafuta ya taa ni oganiki, nailoni ni oganiki, na plastiki iliyovikwa kwenye waya wa pasi ni oganiki. Hapo ndipo ajabu inapoanzia, kwa sababu ile plastiki imewekwa kwenye waya ili umeme usipite. Kila mwanafunzi wa kidato cha pili anajua kwamba plastiki ni kihami. Basi imekuwaje plastiki iwake?

Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika maabara ya Hideki Shirakawa huko Tokyo, mtafiti mgeni alikosea kipimo. Walikuwa wakitengeneza poliasetilini, yaani mnyororo mrefu wa kaboni na haidrojeni, na kichocheo kikawekwa mara elfu moja zaidi ya kilichotakiwa. Badala ya unga mweusi likatokea tandu, yaani utando mwembamba, linalong'aa kama karatasi ya fedha. Shirakawa hakulitupa. Miaka kadhaa baadaye Alan MacDiarmid, mkemia aliyezaliwa New Zealand na kufanya kazi Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alipita Tokyo, akaonyeshwa lile tandu, akamwalika Shirakawa Marekani. Wakiwa na mwanafizikia Alan Heeger, walilifukiza kwa mvuke wa iodini. Uwezo wake wa kupitisha umeme ukapanda kwa takriban mara milioni kumi. Walitangaza hayo mwaka 1977, na mwaka 2000 wote watatu wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Iodini ilifanya nini? Panda daladala ya Usa River saa kumi na mbili jioni. Viti vimejaa, njia ya katikati imejaa, konda anapiga kelele watu wasogee nyuma na hakuna anayesogea, kwa sababu pa kusogea hapapo. Elektroni kwenye plastiki ya kawaida ziko hivyo: zipo nyingi, lakini kila moja imebanwa mahali pake. Sasa abiria mmoja ashuke katikati. Aliye karibu anajaza nafasi, anaacha nafasi nyuma yake, mwingine anaijaza. Ukitazama kwa mbali utaona nafasi tupu ndiyo inayosafiri kutoka mbele kwenda nyuma. Iodini hushusha abiria: hunyang'anya mnyororo elektroni chache, na nafasi zinazobaki ndizo zinazobeba umeme.

Lakini siyo kila plastiki itakubali. Ukiifukiza ndoo ya plastiki kwa iodini utapata ndoo yenye madoa tu. Mnyororo unaofaa ni ule ambao vifungo kati ya atomu za kaboni hupishana, kimoja cha mkono mmoja, kinachofuata cha mikono miwili, tena kimoja, tena viwili. Katika mpangilio huo, elektroni za ule mkono wa pili hazina mwenyewe mmoja. Zinakuwa mali ya mnyororo mzima. Ni kama watu waliojipanga kwenye msaragambo kupitisha mawe kutoka korongoni hadi kwenye msingi wa darasa. Jiwe halitembei kwa nguvu zake, linatembea kwa sababu kila mkono uko karibu na mkono mwingine. Mkono mmoja ukikosekana, kazi inakatika.

Na mikono hukosekana mara nyingi. Plastiki haikupangwa kama fuwele, imelala kama tambi kwenye sufuria, na umeme ukifika mwisho wa mnyororo mmoja lazima uruke kwenda mwingine. Ndiyo maana hata plastiki bora za leo bado hupitisha elektroni polepole sana zikilinganishwa na silikoni, ile inayotengenezewa chipu: elektroni katika fuwele safi ya silikoni hupita kwa wepesi wa zaidi ya mara mia. Nalisema hili mapema kwa sababu mara nyingi habari za fani hii huandikwa kana kwamba plastiki inakuja kuifukuza silikoni. Haiji. Ubongo wa simu utaendelea kuwa silikoni. Plastiki inatafuta kazi ambazo silikoni haiwezi kuzifanya.

Silikoni huyeyuka kwenye nyuzi joto 1,414, na vipande vya kutengenezea chipu vinakatwa kutoka kwenye magogo ya fuwele yaliyokuzwa ndani ya tanuru la joto hilo. Chipu ikishapatikana ni ngumu, inavunjika kama kigae, na bei yake huhesabiwa kwa kila milimita ya mraba. Molekuli za kaboni, kwa upande wake, huweza kuyeyushwa kwenye kimiminika zikawa wino, zikapakwa, zikakauka kwenye joto lisilozidi sana la maji yanayochemka. Kwa hiyo unaweza kuzipaka juu ya PET, plastiki ileile ya chupa za maji, ambayo ingejikunja na kuharibika kabla hata ya kukaribia joto la tanuru. Upana, wepesi na kukubali kukunjwa vyote vinatoka hapo, kwenye joto dogo.

Sasa turudi kwenye kioo. Mwaka 1987 Ching Tang na Steven Van Slyke, watafiti wa kampuni ya Kodak huko Rochester, walichapisha kifaa cha tabaka mbili nyembamba za molekuli za kaboni katikati ya vipitishi viwili. Upande mmoja unasukuma elektroni, upande wa pili unasukuma zile nafasi tupu, na zinapokutana katikati, elektroni inatumbukia kwenye nafasi na nguvu yake inatoka kama mwanga. Mwaka 1990 kundi la Cambridge, akiwemo Richard Friend, Jeremy Burroughes na Donal Bradley, lilionyesha kwamba hata polima, yaani plastiki ya minyororo mirefu, huweza kuwaka vivyo hivyo. Katika simu yangu tabaka zote hizo zikiwekwa pamoja hazifiki unene wa sehemu moja ya mia ya unywele.

Palikuwa na kikwazo kilichowatesa watafiti miaka mingi. Elektroni na nafasi zinapokutana, sheria za fizikia zinaruhusu robo tu ya makutano yatoe mwanga katika molekuli za kawaida. Robo tatu huishia kuwa joto. Stephen Forrest na Mark Thompson, pamoja na wanafunzi wao, walionyesha kuanzia mwaka 1998 kwamba ukiweka atomu nzito ya metali kama platini au iridiamu ndani ya molekuli, zile robo tatu nazo hulazimika kuwaka. Mwaka 2012 Chihaya Adachi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, wakafikia jambo hilohilo bila metali ghali, kwa kutengeneza molekuli inayotumia joto la kawaida la chumba kuzirudisha nguvu zilizokwama. Nyekundu na kijani zilinufaika mapema. Bluu ikasumbua, kwa sababu mwanga wa bluu unabeba nguvu nyingi zaidi na nguvu hiyo huivunja molekuli inayoutoa.

Na doa? Ili upande mmoja uachie elektroni kwa urahisi, lazima utengenezwe kwa metali yenye mkono mwepesi kutoa. Lakini metali inayotoa elektroni kwa urahisi humpa yeyote anayeomba, na waombaji wakubwa ni oksijeni na maji. Mmewahi kumenya ndizi mshare za mtori mkaziacha kwenye sinia bila kuzitumbukiza kwenye maji? Zinageuka nyeusi mkiangalia. Ndani ya simu ni kisa kinachofanana, isipokuwa hapa hata maji ni adui. Unyevu ukipenya kwenye ufa usioonekana, metali inaungua polepole na kubanduka kutoka kwenye tabaka la kaboni. Palipobanduka elektroni haziingii tena, na pasipoingia elektroni pana giza. Unyevu unaendelea kutambaa pembeni, na giza nalo linaufuata.

Kwa hiyo kuzuia hewa ndiyo iliyogeuka kuwa kazi kubwa kuliko hata kuwasha plastiki. Kipimo kinacholengwa kwa OLED ni kwamba mita moja ya mraba ya kifuniko isipitishe zaidi ya sehemu moja ya milioni ya gramu ya maji kwa siku. Nilifanya hesabu hiyo ubaoni na darasa langu: ili gramu moja ipite, yaani kama matone ishirini, itakubidi usubiri zaidi ya miaka 2,700. Tandu la PET tupu hupitisha gramu nzima kwa siku moja, au zaidi. Kioo kigumu kinalimudu sharti hili bila shida, na ndiyo maana OLED za kwanza zilifungwa ndani ya vioo viwili. Kukunja ndiko kulikoleta mtihani.

Suluhisho walilolipata linanikumbusha ezeko la nyumba za zamani za migombani. Jani moja kavu la mgomba lina matundu. Lakini ukipanga tabaka juu ya tabaka, tundu la jani la juu halikai juu ya tundu la jani la chini, na tone linapotea njiani kabla ya kufika ndani. Viwanda hufanya hivyo kwa kupishanisha tabaka ngumu kama ya kauri na tabaka laini ya plastiki, mara kadhaa, zote zikiwa nyembamba kupita kiasi. Molekuli ya maji inayopata upenyo kwenye kauri ya kwanza inajikuta kwenye plastiki, inatakiwa kuzunguka mbali kutafuta upenyo mwingine. Haizuiwi milele, inacheleweshwa miaka mingi.

Kwa nini basi kitu kigumu kama kauri kinakubali kukunjwa? Hapa ndipo wanafunzi hukwama, na jibu ni jepesi. Chukua ufito mbichi uupinde. Upande wa nje unavutwa, wa ndani unabanwa, na katikati kuna mstari ambao hauvutwi wala haubanwi. Kiasi cha kuvutwa kwa upande wa nje hupatikana kwa kugawa unene wa kitu kwa kipenyo cha mkunjo. Kioo cha unene wa milimita 0.7 ukitaka kukizungushia penseli, ambayo ni kama milimita 7, kitatakiwa kirefuke kwa asilimia 10, na kioo hakiwezi; kitapasuka zamani. Kipunguze kiwe cha milimita 0.03, chini ya nusu ya unywele, na sasa kinadaiwa chini ya nusu ya asilimia moja. Kinajikunja bila malalamiko. Kioo cha unene huo huo ndicho kilichowekwa kwenye simu ya kukunja ya Samsung Galaxy Z Flip mwaka 2020. Wahandisi huongeza ujanja mmoja: zile tabaka dhaifu huziweka kwenye ule mstari wa katikati ya ufito.

Kabla sijaondoka pale kibandani nilimwomba fundi kioo changu cha zamani. Alikibandua, akanionyesha mgongoni mkanda mwembamba wa rangi ya asali, ile wanayoiita fleksi. Hiyo ni poliimidi, plastiki inayovumilia joto kuliko karibu plastiki zote, na vioo vya kukunjwa hujengwa juu ya tabaka la plastiki hiyohiyo. Kiwandani huipaka juu ya kioo kigumu kwanza, hujenga saketi zote juu yake, kisha hupitisha leza kutokea chini ili kuibandua. Niliizungusha fleksi kwenye kidole, ikarudi kunyooka yenyewe.

Mtu akisoma haya anaweza kudhani mambo yalikwenda kwa mstari ulionyooka. Hayakwenda. Kutoka karatasi ya Kodak ya mwaka 1987 hadi runinga ya kwanza ya OLED iliyouzwa na Sony, ya inchi 11 tu, ilipita miaka ishirini. Zile za LG za inchi 55 zikaja 2013. Plastic Logic, kampuni iliyotoka maabara ya Cambridge mwaka 2000, ilijenga kiwanda Dresden, Ujerumani, cha kutengeneza kisomeo cha vitabu vya kielektroniki chenye transista za plastiki. Walikitangaza mwanzoni mwa 2010 na kabla mwaka haujaisha wakakifuta. Konarka ya Marekani, ambayo Heeger mwenyewe alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, ilifilisika mwaka 2012 ikijaribu kuuza sola za plastiki wakati bei ya sola za silikoni ikiporomoka. Na mwaka 2002 fani nzima ilitikisika pale Jan Hendrik Schön wa maabara ya Bell Labs, Marekani, alipobainika kuwa amebuni matokeo ya uongo. Wenzake waligundua kwamba michoro ya majaribio tofauti ilikuwa na mitetemo ileile ya bahati nasibu, mstari kwa mstari, jambo lisilowezekana. Maabara nyingi zilikuwa zimepoteza miaka zikijaribu kurudia alichodai. Binafsi hiki ndicho kisa ninachopenda vijana wakijue kabla ya vingine vyote, kwa sababu walioiokoa fani ni waliorudia jaribio na kuangalia mchoro kwa makini.

Sasa niseme jambo ambalo naliona halisemwi vya kutosha. Watu wa huku wakisikia elektroniki nyumbufu, yaani zinazokunjika, wanafikiria simu ya mamilioni, kitu cha mbali. Lakini njia kuu mojawapo ya kutengeneza elektroniki hizi tayari ipo mitaani kwetu. Nenda kwa wanaoprinti fulana za wapanda mlima pale Moshi. Fremu ya mbao, kitambaa chenye matundu kimevutwa, umbo la Kibo limeachwa wazi, wino unasukumwa kwa mpira mara moja, fulana inatoka. Badilisha wino uwe wa fedha au kaboni, badilisha fulana iwe PET, na unayo saketi. Ile mistari myembamba inayong'aa kwenye sola juu ya bati lako iliprintiwa hivyohivyo, kwa wino wa fedha. Fungua kibodi ya kompyuta iliyokufa: ndani utakuta karatasi za plastiki zenye mistari ya wino unaopitisha umeme.

Mfano ulio karibu zaidi uko kwenye kliniki za kisukari, hospitali ya KCMC pale Moshi na kwingineko. Stripu ya kupimia sukari ni kipande cha plastiki chenye mistari iliyoprintiwa, mara nyingi ya kaboni. Kwenye ncha pamepakwa kimeng'enya. Tone la damu likigusa, kimeng'enya huchukua elektroni kutoka kwenye glukosi, kemikali ya pili huzibeba hadi kwenye mstari mweusi, na mashine huzihesabu. Mashine ya kwanza ya aina hiyo, iliyotokana na kazi za Cranfield na Oxford nchini Uingereza, iliingia sokoni mwaka 1987, mwaka uleule wa Kodak. Moja ilipewa vichwa vya habari na nyingine ikaingia mikobani mwa wagonjwa. Hiyo stripu haiwaki wala haina transista, lakini ni saketi ya wino, inatumika mara moja na kutupwa, na hakuna chipu ya silikoni ambayo ingeweza kuwa rahisi hivyo kwa ukubwa huo.

Kwenye ngozi pia plastiki ina nafasi yake. Takao Someya wa Chuo Kikuu cha Tokyo na Zhenan Bao wa Stanford wametumia miaka mingi kutengeneza saketi zinazolala mwilini kama utando. Ile ya kundi la Someya ya mwaka 2013 ilikuwa na uzito wa gramu 3 tu kwa mita ya mraba, nyepesi kuliko karatasi ya daftari kwa zaidi ya mara ishirini.

Na sola? Mwaka 1986 Tang, yuleyule wa Kodak, aligeuza asilimia 1 ya nguvu ya mwanga kuwa umeme. Mwaka 2019 watafiti wa China walivuka asilimia 15 kwa molekuli mpya inayoitwa Y6, na leo maabara bora ziko jirani na 20. Ukiniuliza uweke ipi juu ya paa nitakujibu silikoni bila kusita, maana inadumu miaka 25 na ile ya plastiki bado inachakaa mapema kwa jua na unyevu. Lakini wanakemia wanaweza kuchagua rangi gani ya mwanga molekuli iile na ipi iachie ipite. Nikipita barabara ya Moshi na kuona mabanda ya maua huko Usa River, ekari kwa ekari za nailoni, nawaza tandu linaloachia nyekundu na bluu zinazohitajiwa na waridi, na kugeuza kilichobaki kuwa umeme wa pampu. Utafiti wa namna hiyo upo katika vyuo kadhaa duniani. Swali gumu ni kama tandu litavumilia jua la karibu na ikweta kwenye mwinuko wa mita elfu moja na zaidi, na swali hilo haliwezi kujibiwa vizuri Dresden. Linajibiwa kwa kuliacha nje hapa, mwaka mzima, masika na kiangazi. Taasisi ya Nelson Mandela ya Tengeru, iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 2011, ina shule ya sayansi za vifaa, nishati, maji na mazingira. Paa lake tu lingetosha kuanzia.

Wiki iliyopita nilipeleka darasani kile kioo kilichokufa, penseli laini ya 6B, karatasi na mita ya kupimia umeme. Tulichora mstari mpana, tukaukandamiza hadi ung'ae, tukabana ncha mbili za mita kwenye miisho yake. Grafati ni kaboni, kwa hiyo umeme ukapita. Msichana mmoja akaikunja karatasi huku mstari ukiwa nje, na ukinzani ukapanda, kwa sababu chembe zilivutwa zikaachana. Akaigeuza mstari ukawa ndani, chembe zikabanana, ukinzani ukashuka. Akabandika karatasi kwenye kiungo cha kidole chake kwa gundi ya plasta, akawa anakunja na kukunjua, na wenzake wakaanza kusoma kidole chake kwenye mita wakiwa wamempa mgongo.